Maganda ya Lapua .308: yanarudiwa mpaka lini kabla shabaha haijayumba?

Oya karibuni tena, leo ni maganda ya risasi ya Lapua, kampuni ya Finland, saizi ya .308 Winchester, yale ukishafyatua unayarudia, yaani unayajaza upya baruti na kichwa. Vipimo sivisomi, mnavijua. Usiondoke kwanza, cheki hapa shingoni, hii rangi ya bluubluu inayoshuka mpaka begani, kuna watu kwenye komenti wanasema eti maganda yameungua. Hayajaungua jamani! Kiwandani shingo imepashwa moto ilainike halafu ile alama wameiacha hawakuing'arisha, na mimi hapo ndo wamenimaliza kabisa.

Sababu ni hii. Ganda ni karibu asilimia 70 shaba na 30 zinki, na hiyo metali kila ukiitanua na kuibana inazidi kuwa ngumu. Ukifyatua shingo inatanuka, ukirudi mezani unaibana na kalibu, kile chuma cha kurudishia umbo, ukifyatua inatanuka tena, mwisho inakuwa na ubishi, unaibana yenyewe inarudi nje kidogo, na kila ganda linarudi kivyake.

Ngoja niweke maiki karibu na presi, hii mashine ya kusukumia kichwa kwenye ganda. Hili jipya, nashusha mpini... umeona, kichwa cha risasi kimeingia taratibu, msukumo mmoja mwanzo mwisho. Sasa hili limerudiwa weee na halijawahi kupashwa moto tena. Nashusha... limekwama, limeachia, limekwama tena, umesikia huo mkwaruzo? Na hili pacha wake, boksi lilelile, limeingia kama halina shingo! Baruti ni ileile, kichwa kilekile, ila mmoja ameshikwa kwa nguvu mwingine kwa ncha za vidole, kwa hiyo mwendo wa risasi haulingani. Mita 100 hutaona kitu, utajisifu. Nenda mita 600 uone matundu yanavyojipanga juu chini, juu chini, halafu unalaumu darubini.

Bei? Inauma, sitadanganya. Hornady, kampuni nyingine ya maganda, ni nafuu na kwa kuwindia sina neno nayo. Mwanzoni nilitaka kusema Lapua ni ya wenye hela, ila ukiwa na mashine ya kupasha moto ukayarudia vizuri hesabu inabadilika kidogo, japo mashine nayo ni hela, haya tuache. Jumamosi tuko laivu tutapasha pamoja, shingo na bega tu, kitako usikiguse na moto, kikilainika hakihimili presha, huo ni mlipuko usoni kwako.

Na kupasha moto hakuponyi kila kitu. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikianza kuingia kiulaini, tundu lake limetanuka, tupa. Chukua waya wenye ncha iliyopinda, kwaruza ndani juu kidogo ya kitako, ukihisi kamfereji, ganda linajiandaa kukatika, tupa hilo pia hata kama shingo inapendeza. Wale wa .308 kuna toleo la fataki ndogo, Lapua Palma, tundu lake linavumilia zaidi, ninalo hapa kwenye boksi, video ijayo ndo hilo.