Uzoefu wangu: kayaki iliyovuja na fundi wa matanki, Kilifi

Kayaki yangu, yaani mtumbwi mdogo wa kupiga kafi, ni ya plastiki, ile ya kukalia juu na tumbo lake tupu limefungwa, urefu wa mita 3 na kidogo. Naitumia kuvulia samaki horini Kilifi. Mwezi Juni, kusi ilipokaza, nikaanza kuiona nzito. Napiga kafi, inachelewa kugeuka, na tumboni nasikia maji yanacheza. Niliporudi pwani nikafungua kizibo cha tezini, yaani nyuma, na kukinga ndoo: lita 9, kwa safari ya saa mbili tu.

Nilianza kukishuku kizibo chenyewe. Nikabadilisha mpira wake, maji yakaingia vilevile. Halafu nikauona mkwaruzo mrefu mkukuni, ule mgongo wa chini wa chombo, nikakata shauri kuwa ndio wenyewe. Duka moja likaniuzia gundi ya epoksi na kunihakikishia kwamba inashika kila kitu. Baada ya safari mbili ilibanduka kwa ukucha, kipande kizima, chini yake plastiki inang'aa. Kayaki nyingi za aina hii ni za poliethilini, na poliethilini haipokei gundi kirahisi. Kibaya zaidi, mkwaruzo ule haukuwa unavuja hata kidogo. Nilikuwa nimetibu mahali pazima.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, aliyepiga kalafati majahazi miaka mingi, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba. Aliigonga kwa vidole akaniambia, "Mwanangu, hii si mbao, haitaki pamba wala sifa. Mpelekee anayeziba matanki ya maji." Alikuwa na haki. Tangi na kayaki kama hii huzaliwa namna moja: unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kalibu ikazungushwa kwenye joto mpaka unga uyeyuke na kutanda kuta zote.

Kilichonifurahisha kwa fundi huyu ni kwamba hakushika chuma chochote kabla ya kujua panapovuja. Aliifunga kayaki kizibo ikiwa kivulini, kisha tukaitoa juani saa sita mchana na kuipaka povu zito la sabuni kila mahali. Hewa ya ndani ikapata joto, ikatanuka, ikatafuta njia ya kutokea. Jua likatufanyia kazi ya pampu, taratibu, bila kulipasua tumbo. Mkukuni kimya. Kwenye skrubu za vishikio kimya. Akaniambia nikae juu yake, na hapo viputo vikaanza kutoka ndani ya tundu mojawapo la kupitishia maji, yale yanayopenya kayaki toka juu hadi chini, chini ya kiti. Ufa ulikuwa wa sentimita 4, na ulifunguka pale tu ulipobebeshwa uzito. Ndiyo maana nyumbani, nilipoijaza maji ikiwa juu ya vigoda, sikuona hata tone.

Chanzo nakijua. Kigari changu cha kuikokotea kina fito mbili zinazochomekwa kwenye matundu yale, na nimekuwa nikiipitisha juu ya mawe ikiwa na mizigo yote.

Aliikausha siku nzima, akatoboa kitundu kwa keekee kila ncha ya ufa ili usiendelee kukimbia, akauchimba ufa uwe na mfereji. Plastiki ya kujazia aliikata kwenye tangi bovu, lakini kwanza aliyeyusha tone lake mahali pasipoonekana, likapoa, akalivuta kwa koleo. Halikung'oka. Alinionyesha pia kipande cha beseni alichokijaribu: kilichomoka mara moja, kwa kuwa mabeseni mengi ni plastiki ya aina nyingine, hazichanganyiki hata ukiziyeyusha pamoja. Pasi yake ya kuyeyushia plastiki ilikuwa na ncha aliyoipinda mwenyewe ili iingie tunduni. Pande zote mbili alizilainisha kwa pamoja mpaka zikawa kitu kimoja. Hakubandika tu juu. Moshi ulipoanza alipunguza moto, kwani plastiki iliyoungua huwa kavu na hupasuka upya.

Nimlalamikie jambo moja: kazi ya siku mbili ilichukua sita, na alitaka kunikabidhi bila kuijaribu tena kwa povu. Nilisisitiza, tukaijaribu nikiwa nimekaa juu, haikutoa kiputo. Kovu ni jeusi kwenye kayaki ya manjano. Halinisumbui.

Nililipa shilingi 2,000. Miezi minne sasa, kila nikirudi nafungua kizibo na kuinamisha tezi: hakuna kitu. Nampa nyota nne kati ya tano. Kwa ufa mrefu wa mkukuni ningemwomba azamishe wavu wa waya usioshika kutu ndani ya plastiki, na hata hivyo nisingetoka nje ya hori na kayaki hiyo kabla ya kuijaribu wiki kadhaa karibu na ufuo. Kigari nimekibadilisha, hiki kipya kina mikanda inayobeba tumbo lote.