Jalada la Menyu: Anza Kukagua Kwenye Kona

Jalada la menyu haliharibikii katikati. Huanzia kwenye kona, kwenye mgongo linapokunjwa, na kwenye mdomo wa mfuko, pale karatasi inapoingizwa na kutolewa. Kwa hiyo ukiwa dukani usivutwe kwanza na rangi wala nembo ya dhahabu. Lifungue, ligeuze, uone limeungwaje. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, pamoja na maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kulipa: menyu yako hubadilika mara ngapi, na wahudumu wako wanafutia nini?

Nafasi ya kwanza naipa plastiki angavu iliyoshonwa pindo. Kurasa za plastiki huzungushiwa utepe wa ngozi bandia au kitambaa, ukapigwa cherehani, kisha kona zikabanwa kwa vibati vya chuma. Kwa mgahawa wenye msongamano sioni mshindani wake: linafutika haraka, karatasi inabadilishwa bila kubomoa kitu, na likianguka sakafuni kibati ndicho kinachopokea pigo. Lakini kagua mshono. Uzi uwe wa poliesta au nailoni, kwa sababu wa pamba hunyonya maji na hatimaye huoza. Mishono iliyosongamana mno nayo ni kasoro. Matundu hukaa kama yale ya pembeni mwa stempu, na plastiki huchanika kwa kuyafuata. Pitisha kidole kwenye kibati, ndani na nje. Kikikukwaruza wewe, kitamkwaruza mteja pia.

Uliza vilevile ni plastiki gani. PVC laini, ile plastiki inayopindika kirahisi, ina viambato vya kuilainisha, navyo hujipenyeza nje taratibu. Vikikutana na tona, yaani wino wa unga wa printa ya leza, maandishi hugandia kwenye plastiki. Unatoa karatasi ya zamani, bei zake zinabaki zimeshika kwenye mfuko, na karatasi mpya inasomeka kupitia kivuli cha ile ya jana. Polipropilini, plastiki ya aina nyingine, haina tabia hiyo. Ukikosa nyingine ila PVC, chapisha menyu yako kisha iache ndani ya jalada moja siku kadhaa, mahali penye joto, uone kama inagandia.

La pili ni kadibodi ngumu iliyovalishwa, mfano wa kitabu chenye jalada gumu. Kadibodi ya milimita 2 hadi 3 inatosha. Nyembamba zaidi hupinda. Kifuniko kikunjwe hadi ndani na kugandishwa vizuri, hasa kwenye kona, ambako fundi mvivu huacha mikunjo minene inayofumuka mapema. Linapendeza sana mezani, na linafaa mahali pa utulivu. Adui yake ni maji: kona ikichubuka, kadibodi inanyonya, inavimba, na hairudi tena kama ilivyokuwa. Ngozi bandia ya PU (poliurethani, plastiki nyingine) ni laini mkononi kuliko ya PVC, ila unyevu wa muda mrefu na spiriti ya kila siku huifanya ibambuke.

Ubao wenye skrubu au mpira wa kushikia karatasi nauweka wa tatu. Kwa menyu inayochapishwa upya kila siku ungekuwa wa kwanza, maana kubadilisha karatasi ni kazi ya sekunde chache. Hakikisha vanishi imefika hadi kwenye kingo na ndani ya matundu ya skrubu. Maji huingilia huko.

Ngozi halisi ni ya nne, najua wengi watabisha. Uzuri wake haupingiki, lakini inataka mafuta yake ya kuitunza, na kufutwa kwa spiriti kutwa nzima huikausha hadi ikapasuka. Kama wahudumu wako wataitunza, nunua. Jihadhari tu na mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi yenyewe ina nyuzinyuzi zilizoshikamana, siyo tabaka la rangi juu ya kitambaa.

Mwisho ni plastiki iliyounganishwa kwa joto bila uzi. Ni rahisi kwa bei, na huachia kwenye kona. Heri ulaminishe karatasi kwa plastiki ya mikroni 250 (robo milimita), ukiacha ukingo wa plastiki tupu kuizunguka pande zote, ilimradi menyu haibadilikibadiliki.

Nenda dukani na karatasi yako halisi. A4 ni milimita 210 kwa 297, na mfuko uliokatwa kwa kipimo hichohicho utakupa shida kila unapobadilisha menyu. Nunua moja kwanza, lifute wiki nzima kwa dawa unayotumia kila siku, ndipo uagize yote. Agiza na ya akiba papo hapo, kwa kuwa rangi ya shehena ijayo inaweza isilingane na hii.