Taa ya kabaidi ya wachimba makaa wa Uskoti: mwanga nyota tano, onyo nyota moja

Usiichanganye na karabai ya kuvulia dagaa. Ile hupampiwa mafuta ya taa. Hii haina hata tone la mafuta. Mchimba makaa wa Fife au Lanarkshire wa miaka ya 1910 aliinunua kwa pesa yake, kama alivyojinunulia baruti, ili aachane na kitaa cha zamani chenye umbo la buli, kilichokaa kwenye kofia kikimfukizia moshi mweusi usoni.

Ni vyumba viwili vya shaba vinavyokazwa kwa hesi: chini kabaidi, yaani vipande kama mawe vinavyotoa gesi vikiguswa na maji, juu maji. Kikono kidogo kinaruhusu maji yadondoke, gesi ya asetilini inatoka, inachujwa kwenye kitambaa cha sufu, kisha inapenya tundu jembamba katikati ya sahani inayong'aa. Ziba sahani kwa kiganja sekunde chache gesi ijae, halafu kivute kiganja kwa nguvu juu ya gurudumu la jiwe la kiberiti. Pap! Mwali mweupe, mkavu, usio na masizi. Kwa mwanga, buli halioni ndani.

Wengi huharibu kwenye kujaza. Kabaidi isizidi nusu ya chumba, maana ikinywa maji hugeuka chokaa na kuvimba. Ukishindilia, chokaa inaziba kitambaa na taa haifunguki bila kugongwagongwa. Tumia vipande vya ukubwa wa punje za mahindi. Unga hutoa gesi yote kwa mkupuo. Mwali wa sentimita 2 unatosha. Ukinguruma, punguza maji. Ukitokea moto kwenye kiungo cha vyumba, mpira wa kuziba umechoka. Mwali ukipinda, zibua tundu kwa waya mwembamba sana, kwani tundu likipanuka halirudi.

Ujazo mmoja unakwenda saa 2 hadi 3. Sheria ya Uingereza ya 1908 iliwawekea wachimba makaa zamu ya saa 8, kwa hiyo kopo la akiba lisilopitisha maji ni lazima. Maji yakiisha huko chini, mkojo hufanya kazi.

Nyumbani ni kero. Chokaa iliyotumika bado hutoa gesi kidogo, na harufu yake ni ya kitunguu saumu kilichooza. Katika nyumba za safu za chumba kimoja au viwili, ambamo watu walipika, walilala na kuoga kwenye beseni la bati mbele ya moto uleule, ilibidi ikung'utiwe nje, mbali na mlango.

Nyota zinapungua kwenye hewa mbaya. Mwali wa mafuta huzima oksijeni ikishuka kama asilimia 17, na mtu bado ana miguu ya kurudi. Asetilini huendelea kuwaka hadi karibu asilimia 13: taa inang'aa, mwenyewe magoti yamelegea. Penye methani, gesi ya makaa inayolipuka, usiiwashe kabisa. Mlipuko wa mgodi wa Blantyre ya Lanarkshire, si ile ya Malawi, tarehe 22 Oktoba 1877, uliua watu 207. Mgodi wa aina hiyo unataka taa ya usalama iliyofunikwa kwa wavu.

Ukiikuta mnadani leo, fungua chumba cha chini kwanza. Mpira utabadilisha, kitambaa utakata kingine. Hesi ikiwa imelika, irudishe mezani.