Bei ya Rashasha ya Kwanza kwa Ndugu Zetu Walioko Marekani

Familia nyingi za Kikongo zilizoishi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, zimehamia Marekani, na jamaa waliobaki huku Kigoma bado huulizwa ushauri kila fedha nyingi inapotaka kutumika. Kwa kijana anayefikiria kununua bunduki ya rashasha kihalali huko aliko, maoni yangu ni kwamba bidhaa hii ni ghali mno kwa mnunuzi wa mara ya kwanza.

Ughali wake hautokani na chuma. Sheria ya shirikisho ya tarehe 19 Mei 1986 ilizuia raia kumiliki rashasha yoyote ambayo haikuwa imesajiliwa kufikia siku hiyo, kwa hiyo zinazoruhusiwa kuuzwa haziongezeki tena, ilhali wanunuzi hawapungui. Rashasha aina ya M16 iliyosajiliwa huuzwa kwa zaidi ya dola 30,000, wakati AR-15, inayofanana nayo lakini hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, hupatikana kwa chini ya dola 1,000. Wanaoanza huelekezwa kwenye M-11/9, silaha ndogo ya bati la chuma lililokunjwa, ambayo ilipokuwa mpya iliuzwa kwa dola mia chache na leo hufika karibu dola 10,000, yaani takriban shilingi milioni 25. Kwa fedha hiyo, hapa Kigoma mtu angepiga hatua kubwa ya ujenzi wa nyumba ya matofali ya kuchoma.

Kodi ya kuhamisha umiliki wa rashasha ni dola 200, kiwango kilichowekwa mwaka 1934, na mwombaji hutoa picha na alama za vidole, kisha husubiri kibali huku silaha ikibaki kwa muuzaji mwenye leseni. Utaratibu huo ni mzito, nami nauona wa haki. Baadhi ya majimbo, California na New York yakiwemo, hayamruhusu raia wa kawaida hata akiwa na fedha.

Risasi nazo si jambo dogo, kwa kuwa M-11/9 hutoa zaidi ya risasi 1,000 kwa dakika, na magazini ya risasi 32 huisha ndani ya sekunde mbili. Anayetaka kuonja tu aende kwenye viwanja vya kulenga shabaha, kama vile vya Las Vegas, ambako rashasha hukodishwa chini ya uangalizi. Huduma hiyo naipendekeza bila kusita.

Jambo linalonitia hofu kweli ni njia ya mkato. Kuigeuza AR-15 kuwa rashasha ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 10, na mhamiaji asiye na uraia anaweza kufukuzwa nchini. Aliyekwisha kuamua kununua ahakikishe kwanza kuwa namba iliyo kwenye hati ya usajili inalingana na iliyochongwa kwenye silaha, ndipo atoe malipo ya awali.