Kitambaa cha faibaglasi cha ubao wa kaiti, nimekikubali

Jamani mnaojitengenezea ubao wa kaiti (ule wa kuteleza majini ukivutwa na tiara), hiki kitambaa cha gramu 200 kwa mita mraba nilichochukua duka moja Kampala nikakipakia kwa boda mpaka Entebbe ni kizuri sana, kimefumwa vizuri na epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu) inaingia mpaka weupe wote unapotea unaona mti wa ndani ya ubao kama kwenye kioo. Nimeweka tabaka mbili juu mbili chini, moja nimeilaza digrii 45, hiyo ndo inazuia ubao usijisokote.

Ila ile mati ya nyuzi za kukatakata msiiguse kama mnatumia epoksi!! Gundi inayoshikanisha nyuzi zake inataka styrene, kimiminika kilichomo kwenye gundi ya polyesta, ndo iyeyuke, yangu ilibaki madoa meupe na ubao wa kwanza ukabanduka huko ziwani. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na zinakakamaa zaidi lakini bei jamani, na zikizidiwa zinakatika ghafla.