Kimashine cha 35,000 kimenionyesha kwa nini gari inasumbua asubuhi

Sikiliza kwanza. Hii nimeirekodi wiki iliyopita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, hapa hapa Sakina. Umesikia? Stata inazunguka vizuri, injini inashika, halafu inatetemeka, inamisi, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda inashuka, imezima. Mara ya tatu ndiyo ikakubali. Na ikishapata moto, dakika kumi tu, inatulia utadhani siyo yenyewe.

Wadau, karibuni sana. Wiki tatu nimeamka na hiyo kelele. Mama mwenye nyumba kanisimamisha getini, nampa shikamoo, ananiambia, "Marahaba mwanangu, hiyo gari inaumwa, ipeleke kwa fundi." Nimeipeleka! Fundi wa kwanza kasema plagi, tukabadilisha zote nne. Wa pili kasema throto imejaa masizi, ikasafishwa. Wa tatu kasema pampu ya mafuta, laki na themanini. Hapo nikagoma. Sinunui tena spea kwa kubahatisha.

Nikanunua hiki. ELM327 ya Bluetooth, kimashine cha kusoma kompyuta ya gari kwa simu, kadogo, kanaenea kiganjani. Mambo ya OBD, yaani mfumo wa gari kujipima yenyewe, tumeshayaongea sana kwenye chaneli hii, sirudii: soketi ya pini 16 iko chini ya usukani, unachomeka, unafungua programu kwenye simu, mimi natumia Car Scanner. Bei, nimekichukua mjini kwa 35,000. Duka la pili yake walitaka 50,000 kwa kitu kile kile, boksi tu ndilo tofauti. Ukitajiwa zaidi ya 40, shukuru, uondoke.

Sasa, siku ya kwanza kiliniudhi kweli. Nimesoma namba za hitilafu, hakuna hata moja. Taa ya injini haiwaki, kimashine kinasema gari ni nzima, na kesho yake asubuhi gari imekataa tena. Nilishakirudisha kwenye boksi lake nikirudishe dukani. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo nakuomba ubaki na mimi.

Nasogeza kamera. Hii ni skrini ya simu yangu. Gari imelala tangu jana jioni. Naweka swichi, siwashi. Naingia kwenye data za moja kwa moja, nachagua mistari miwili tu: joto la hewa inayoingia kwenye injini, na joto la maji ya injini. Fikiria na wewe. Gari imelala nje usiku kucha, baridi ya Arusha ya mwezi wa saba, tuko mita 1,400 juu ya bahari. Hewa na maji vinatakiwa viwe karibu sawa, tofauti ya nyuzi chache tu. Haya, tazama. Hewa, nyuzi 13. Maji, nyuzi 58.

Nyuzi 58! Weka mkono kwenye injini, ni baridi kama jiwe la mtoni. Sensa, kile kifaa kinachopima joto la maji, inadanganya.

Wazee wa kabureta mnaikumbuka choki. Asubuhi unaivuta ili injini ipate mafuta mengi, kwa sababu petroli kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri. Gari za siku hizi kazi hiyo inafanywa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na inachotegemea ni hii sensa ya joto la maji. Ikiambiwa 58, inaona injini ina moto, inabana mafuta, na injini ya baridi inabaki na njaa. Ndiyo kutetemeka kwenyewe. Na namba ya hitilafu haikutokea kwa sababu 58 ni joto la kawaida kabisa, kontroli boksi haikuwa na sababu ya kulitilia shaka. Mimi huu mstari mmoja wa data naupenda kuliko kitu chochote nilichonunua mwaka huu.

Nikaihakikisha kwa mita ya umeme. Sensa ya aina hii ikiwa baridi upinzani wake wa umeme unapanda, ikipata moto unashuka. Kwenye nyuzi 20 nyingi zinasoma kilo-omu 2 hadi 3. Yangu haikufika hata moja. Kubadilisha ni kazi ya nusu saa: injini iwe baridi kabisa, usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa na moto nakuomba sana, chomoa soketi ya nyaya mbili, spana, funga mpya, ongeza kulanti iliyomwagika.

Kasoro zake sizifichi. Bluetooth inakatika katika. Wenye iPhone, hii ya kwangu haishiki kwenu, tafuteni ya Wi-Fi. Baadhi ya gari za zamani za soko la Japani haisomi kabisa, kwa hiyo jaribu kwenye gari yako kabla hujalipa. Usiiache imechomekwa siku nyingi, inanyonya betri. Mashine kubwa za Launch na Autel zinafanya mengi zaidi, sibishi, na kama una gereji nunua. Mimi nina gari moja. Ila pia, 35,000 kwa kitu kinachokatika katika... nadhani 25,000 ndiyo ingekuwa bei ya haki. Lakini hapana, kimeniokoa laki na themanini, siilaumu.

Watu wa Moshi, Jumamosi nakuja huko, mwenye gari inayosumbua asubuhi aniandikie hapo chini, na asiiwashe kabla sijafika, naitaka ikiwa baridi.

Haya, leo asubuhi, na sensa mpya. Hewa 13, maji 14. Nawasha.

Umesikia? Mara moja tu.