Bandeji ya hondohondo: chumba cha nyuma cha daktari wa mifugo, Majengo

Nashona nguo Nkuhungu, Dodoma, mwaka wa 14 huu, na sikutegemea kama kuna siku ningeandika habari za duka la dawa za mifugo. Ng'ombe sina, na kuku wangu wawili walichukuliwa na kicheche. Lakini Jumanne moja ya Desemba nilipanda bajaji na boksi la viatu mapajani, ndani yake ndege, hondohondo, na nilichokiona huko nataka watu wakijue, pamoja na vile vilivyonikera.

Jirani yangu kamaliza nyumba. Kaweka madirisha ya alumini na vile vioo vya samawati ambavyo ukipita nje unajiona kama uko kwa kinyozi. Tangu viwekwe, hawa hondohondo wadogo wenye mdomo mwekundu wanakuja kupigana navyo. Dume akijiona anadhani mwenzake kamvamia, basi atagonga ko ko ko asubuhi nzima, mpaka mama mwenye nyumba anaitikia "karibu". Siku hiyo hakuja kugonga. Alitoka kwenye mgunga kwa kasi akaingia moja kwa moja kwenye ule mgunga mwingine, wa ndani ya kioo. Kishindo nilikisikia nikiwa kwenye cherehani. Nilimkuta chini ya dirisha, bawa la kushoto limemwagika kama kanga iliyodondoka kambani, mdomo wazi, anahema.

Watoto walishafika na kikombe cha maji. Nikawafukuza, nikamfunika kwa kipande cha khanga, nikamweka kwenye boksi nililolitoboa kwa mkasi.

Hapo nikakosea. Nilikimbilia duka la pembejeo lililo jirani, ambalo silitaji. Kijana hata boksi hakulifungua. Akanipa pakiti ya dawa ya unga ya kuku, shilingi 2,500, eti nichanganye na maji nimnyweshe kwa bomba la sindano. Kilichonisaidia ni kwamba bomba lilikuwa limewaishia. Mama mmoja aliyekuja kununua mashudu ndiye aliyeniambia, "Dada, huyo mpeleke Majengo, nyuma ya mashine ya kusaga, kuna daktari."

Duka lenyewe halina jina. Ukutani kuna ng'ombe na jogoo wamechorwa kwa rangi, jogoo mkubwa kuliko ng'ombe. Mbele wanauza dawa za minyoo na za kuogeshea, nyuma kuna chumba kimoja chenye meza ya bati. Nje kuna benchi la miguu mitatu na tofali. Nilikaa hapo na mzee mwenye beberu aliyevimba shavu. Nilimwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi", akafurahi, kisha akachungulia boksi langu na kuuliza nimemleta huyo ili apone au anenepe.

Nilisubiri saa moja na nusu. Hili ndilo la kwanza lililonikera. Wenye ng'ombe wanapiga simu, daktari anatoka nje kuzungumza, anarudi, simu tena. Aliye kwenye benchi kama hayupo.

Ila alipoanza kazi, alifanya kazi. Alifunga mlango, akazima redio, akamfunika ndege kichwa kwa kitambaa, na yule aliyekuwa ananing'ata vidole njia nzima akatulia kimya. Akamweka kwenye mizani: gramu 148. Nikamwonyesha ile pakiti ya unga. Hakunigombeza. Aliufungua mdomo taratibu, akamulika kwa simu, akaniambia, "Mama, sogea uone." Pale kwenye shina la ulimi kuna kitundu, kama tundu la kifungo, kinafunguka na kufumba, kinafunguka na kufumba. "Hapo ndipo anapovutia hewa. Ungemmiminia maji, yangeingia humo." Nilikaa kwenye kiti bila kuambiwa.

Bawa la ndege limejengwa kama mkono wetu, lina mifupa miwili kuanzia kiwiko kushuka. Wake mmoja ulikuwa umevunjika, ule mnene, na mwembamba ulikuwa mzima. Daktari alisema hiyo ni nafuu, kwa kuwa mzima unamshikilia mwenzake. Akampa tone moja la dawa ya maumivu, kisha akaanza kufunga.

Nimeona watu wengi wakifunga vitu. Huyu ana mkono. Alitumia ile bandeji inayojishika yenyewe bila gundi, akaikata nyembamba kama utepe wa kiunoni, akalikunja bawa lilale linavyolala kwa kawaida, akazungusha kwa umbo la nane, manyoya yote yakielekea upande wao, hakuna hata moja lililopinda. Mzunguko wa mwisho ukapita kifuani, na hapo akapitisha ncha ya kidole chini yake. Nikamuuliza mbona analegeza, si itachomoka? Akasema ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, kidari chenyewe ndicho kinachopanda na kushuka, ukikibana umemkaba. Nikaelewa mara moja. Gauni la mjamzito nalo hulibani kifuani.

Akauliza kama mvua zimeanza kwetu. Nikamwambia wiki mbili sasa. Akatazama mdomo wa chini, pale penye weusi mkubwa, akasema huyu ni dume, na msimu huu huenda ana jike ndani ya mti. Jike la hondohondo huingia kwenye tundu, huziba mlango kwa kinyesi chake na mabaki ya chakula mpaka ubaki ufa, na huko ndani hunyonyoka manyoya ya kurukia. Chakula chote hupitishiwa na dume kwenye huo ufa. Nilirudi nyumbani nikamtuma mwanangu atafute. Alilipata tundu kwenye mbuyu, limezibwa, ufa mwembamba kama wa sanduku la posta. Siku ya nne tulikuta limebomolewa kwa ndani. Hakukuwa na mtu.

Mgonjwa alibaki Majengo. Mimi nilitaka nimlee, nikaambiwa mnyamapori ni mali ya serikali, sheria ya 2009, huwezi kumweka nyumbani bila kibali. Daktari mwenyewe alimpigia afisa wanyamapori, akaja siku ya pili, akaandika kwenye daftari lake, akasema abaki hapo mpaka apone kisha arudishwe alikotoka. Kwa hiyo kila jioni nikawa napeleka panzi, na kumbikumbi walipotoka, watoto wa mtaani kwetu waliniletea kopo zima. Kumwona akila ni burudani ya bure. Ulimi wake ni mfupi, haufiki mbele, hivyo anamshika kumbikumbi kwa ncha ya mdomo, anamrusha juu kidogo, anamdaka kooni. Hata na bandeji hakukosea.

Siku ya saba daktari alifungua, akalinyoosha bawa polepole, akalifunga upya. Alisema likikaa limekunjwa muda wote, linakauka kama kitasa kisichofunguliwa. Baada ya siku 19 akaitoa kabisa.

La pili lililonikera ni hela. Nililipa 15,000 siku ya kwanza nikadhani yameisha. Mwisho nikaambiwa kuna 20,000 ya kukaa bandani. Sikatai, kazi ilifanyika na banda lilikuwa safi, lakini bei hutajwa kabla ya kukata kitambaa, hata mimi nafanya hivyo. Risiti niliiomba mara mbili ndipo ikapatikana.

Tulimwachia chini ya ule ule mgunga. Alikaa tawini kama dakika kumi akijichambua upande wa kushoto, kisha akavuka barabara. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamwomba jirani ruhusa ya kuning'iniza vipande vya kitenge kwenye vioo vyake, kwa nje, vikiachana upana wa kiganja, kama daktari alivyoelekeza. Jirani anasema nyumba yake ya mamilioni sasa inafanana na ya mganga wa kienyeji. Nimemwahidi mapazia ya bure.

Nampa nyota nne. Anafungua saa mbili asubuhi, Jumapili hayupo. Nenda mapema kabla wenye ng'ombe hawajaamka na simu zao, na uliza bei ya banda ukiwa bado mlangoni.